Niliyoyaona Namoru

Kabla sijasimulia lolote kuhusu Namoru, nitenge mafungu mawili ambayo wasimulizi wengi huyachanganya. Fungu la kwanza ni niliyoyaona kwa macho yangu: maboma ya miiba juu ya mwinuko wa mawe, mwendo mfupi kutoka barabara ya vumbi inayotoka Gotu kwenda Merti, duka moja la mabati kando ya barabara hiyo, laga moja, yaani mkondo mkavu unaopata maji siku chache tu za mvua, na watu niliokula nao. Fungu la pili ni niliyoyasikia: nani alifika pale kwanza, kwa nini alisimama, jina lilitoka wapi, na watu walikwenda wapi baadaye. Fungu hili la pili ni kubwa kuliko la kwanza, tena ni tamu zaidi, na nimelipokea kwa vinywa vya watu ninaowaheshimu. Lakini nilitumikia mahakama zaidi ya miaka thelathini, nikiwa karani na mkalimani, nikimtafsiria hakimu maneno ya mashahidi. Sijui ni mara ngapi nilimsikia hakimu akimkatiza shahidi aliyekuwa katikati ya hadithi nzuri kwa neno moja tu: “Ulikuwepo?” Neno hilo nililitafsiri kwa Kiturkana, kwa Kiborana na kwa Kimeru mpaka likawa langu. Nilipostaafu nilirudisha funguo na mihuri, neno hilo nikabaki nalo.

Wanaoandika kumbukumbu zao huchagua mwaka wa ujana, mwaka wa shule au wa mapenzi ya kwanza. Mwaka ulionifinyanga mimi ulinikuta nina mvi, nikidhani nimekwisha kuwa mtu niliyekusudiwa kuwa. Ulikuwa mwaka wa pili tangu serikali za kaunti zianze. Nasaba yangu na malezi yangu havimhusu msomaji. Itoshe kusema kwamba nina nyumba Chechelesi, mjini Isiolo, na kwamba mwezi uliopita binti mmoja alinijia pale akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa binti wa Selina, mmoja wa wale niliokula nao Namoru. Alinieleza kwamba mama yake amefariki, kwamba mazishi ni Jumamosi, na kwamba ameandika wasifu wa marehemu utakaosomwa kanisani, akaomba niupitie. Niliusoma nikiwa nimesimama mlangoni. Mstari wa tatu ulisema kwamba marehemu aliolewa na kuishi Gotu. Nikamwambia kwamba mama yake hakuishi Gotu wakati ule, aliishi Namoru.

“Najua, babu,” akasema. “Lakini nikiandika Namoru watu watauliza ni wapi. Hata kwa simu nimeitafuta. Haiko.”

Nilirekebisha mambo mengine yote katika karatasi ile. Jina la Gotu nililiacha mahali pake, kwa sababu binti alikuwa amesema kweli. Namoru haimo katika ramani, wala katika orodha ya vijiji, wala katika daftari lolote ninalolijua. Hilo silisemi kwa kusikia. Nilikuwepo siku ilipoachwa nje, na saini iliyo chini ya karatasi iliyoiacha ni yangu.

Aliyenipeleka Namoru ni Guyo, mwenye duka nililolitaja. Guyo ni Mborana wa Merti, mtu mnene mwenye sauti ndogo, ambaye nilimfahamu alipokuwa shahidi katika kesi ya mbuzi walioibwa. Alikuwa shahidi mbaya, kwa maana alieleza kila kitu isipokuwa alichokiona, lakini baada ya kesi alinisubiri nje ya lango na kuniuliza, kwa heshima, kosa lake lilikuwa lipi, tukawa marafiki. Mwaka ule wa pili wa kaunti alinijia Chechelesi baada ya swala ya Ijumaa. Alieleza kwamba kamati imeundwa ya kuzunguka mashinani na kuorodhesha vijiji, na kwamba kijiji kitakachoorodheshwa ndicho kitakachofikiriwa kuchimbiwa kisima cha mashine. Kila kijiji kilitakiwa kupeleka maelezo ya maandishi, na kisha maafisa wangekuja kuthibitisha kwa macho. Namoru hapakuwa na mtu wa kuandika maelezo kama hayo. Wanawake wa pale walitembea hadi mtoni Gotu kuteka maji. Walitoka jua likichomoza na kurudi saa za mchana, wakiwa na mitungi ya plastiki juu ya punda, na wasio na punda wakiibeba wenyewe. Selina hakuwa na punda.

Nilikaa Namoru kuanzia mwisho wa mvua mpaka majani yalipokauka, nikirudi mjini mara chache. Nililala katika stoo ya nyuma ya duka la Guyo. Hata leo naweza kuichora: magunia ya sukari na ya unga upande wa kushoto, ndoo za mafuta ya kupikia upande wa kulia, kitanda cha kamba katikati, na juu yangu mabati yaliyolia kila asubuhi yakipata joto, kana kwamba mtu anatembea juu yake kwa uangalifu. Harufu ilikuwa ya tumbaku ya kutafuna na ya sabuni ya kipande. Ukuta wa stoo ulikuwa bati moja tu, kwa hiyo mazungumzo yote ya dukani yaliingia chumbani mwangu bila mimi kuyaita. Wazee wa Kiturkana walikuja kunywa chai kwenye benchi la nje, na kwa kuwa walijua kwamba historia ya Namoru inaandikwa nyuma ya bati hilo, walizungumza kwa sauti ya kusikika.

Guyo alishikilia kwamba Namoru ilianzishwa na lori la baba yake. Lori lilivunjika ekseli likitoka Merti, likakaa pale miezi, na watu walioletwa kulilinda wakaanza kufuga. Wazee walimsikiliza mpaka mwisho, kisha mmoja wao akamwambia: “Kwa hivyo lori ya baba yako ndiyo mama yetu. Sisi ni watoto wa springi.” Walicheka sana, na Guyo akacheka nao, akawaongezea chai. Siku iliyofuata mzee mwingine alidai kwamba waliotangulia walikuwa vibarua wa kutengeneza barabara. Wa tatu alisema kwamba palikuwa na ndoto. Nilitoka na daftari langu nikawauliza mmoja mmoja: je, ulikuwepo? Hakuna aliyekuwepo. Niliandika majina yao na mbele ya kila jina nikaandika neno “amesikia”. Siku hizo nilikuwa na furaha ambayo sasa inanitia haya, furaha ya mtu anayepalilia shamba la mwenzake na kung’oa kila kitu asichokijua.

Aliyekuwepo, walisema wote, ni Ata Nawoi. Ata ni neno la kumwita bibi kwa Kiturkana, na pale Namoru kila mtu alimwita hivyo, hata Guyo ambaye hakuwa mbali naye sana kwa umri. Alikuwa mama mkwe wa Selina. Nyumba yake ilikuwa ya kwanza ukipanda mwinuko, ya fito zilizopindwa na kufunikwa kwa makuti ya mkoma na vipande vya turubai, na ndani mtu mzima aliingia kwa kuinama na hakusimama tena mpaka atoke. Kulikuwa na mafiga matatu, ngozi moja, sanduku la bati lenye picha ya Bikira Maria iliyobandikwa kwa ndani ya kifuniko, na giza la kupendeza baada ya jua la nje. Selina alitupikia mahindi yaliyochemshwa mpaka yakapasuka, akayamiminia maziwa. Siku za neema palikuwa na nyama kavu iliyohifadhiwa katika samli. Selina alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye ulimi mwepesi. Hakuniita kwa jina. Aliniita Karani, na namna alivyolitamka neno hilo, ungedhani ni aina ya ugonjwa usioua.

Ata alinisimulia kwamba alifika Namoru akiwa na mimba ya kwanza. Mume wake alikuwa mbele na mbuzi. Mbuzi mmoja akazaa chini ya mgunga na kukataa kuondoka, naye mume akaweka mafiga pale, akawasha moto, akasema hapa. Aliyasimulia haya kwa utulivu, akionyesha kwa kidevu mahali ambapo mgunga ule ulikuwa. Nikamuuliza kama alimwona yule mbuzi akizaa. Akasema hapana, yeye alikuwa nyuma na punda. Alipofika, moto ulikuwa umekwisha kuwaka na mtoto wa mbuzi alikuwa anasimama. Nikamweleza, kwa Kiturkana safi ambacho nilijivunia, kwamba katika hali hiyo siwezi kuandika habari za mbuzi. Naweza tu kuandika kwamba alikuta moto. Kisha akaniuliza kama nilimwona mama yangu akinizaa.

Nikamjibu kwamba nina cheti cha kuzaliwa.

“Basi,” akasema Ata, “cheti ndicho mama yako. Msalimie.”

Selina alicheka mpaka akaegemea nguzo. Mimi pia nilitabasamu, lakini mbuzi sikumwandika. Ninayaandika haya leo nikijua kwamba katika maelezo yote niliyoyapata kuhusu mwanzo wa Namoru, hayo ndiyo pekee yaliyosimuliwa na mtu aliyekuwa umbali wa hatua chache tu kutoka kwa jambo lenyewe, na kwamba niliyaondoa kwa sababu ya hatua hizo chache.

Fomu ya kamati ilitaka pia idadi ya wakazi. Niliuliza, na kila boma nililoulizia lilinipa jibu lisilo jibu: wako, wanatosha, Mungu amewaweka. Nilidhani ni ujinga au woga wa kodi. Jioni moja niliketi na Ata nje ya nyumba yake wakati mifugo ikirudi, na nikaona namna Selina alivyosimama kwenye mwanya wa boma la mbuzi. Hakunyoosha kidole wala kutikisa midomo. Mbuzi walipita wote, wengi kiasi cha kunichanganya, naye akasema yule mwenye sikio jeusi aliyekatika pembe hajarudi, na mwana wake yuko nyuma ya yule mwekundu. Akaenda kumtafuta, akarudi naye. Nilimuuliza Ata kwa nini hawahesabu tu. Akanijibu kwamba anayehesabu ni yule asiyewajua; na zaidi ya hapo, kitu unachotaka kibaki hukitajii idadi yake, kwa sababu idadi huitwa, na ikiitwa huitika. Nililiweka jibu hilo katika fungu la imani, si la ushahidi.

Kesho yake jioni, watu walipokuwa wamekusanyika kwa sala ya katekista, nilisimama nyuma yao na kalamu yangu nikawahesabu. Nilidhani nafanya kwa siri. Lakini nina tabia, niliyoipata kortini nikihesabu vielelezo, ya kugusisha kalamu hewani kwa kila kitu ninachokihesabu. Nilipofika mwisho nilimwona Ata amegeuka, ananitazama. Wengine wote walikuwa wameinamisha vichwa. Hakunikemea. Alisema kwa sauti ya chini, na neno lake nalitafsiri kama nilivyotafsiri maneno ya mashahidi wote, bila kupunguza: “Umenianza mimi.” Nilitazama daftari. Ilikuwa kweli, alikuwa ameketi pembeni, karibu nami, na ndiye niliyeanza naye. Idadi niliyoipata niliijaza katika fomu. Hapa siiandiki.

Baada ya hapo nilirudi Chechelesi kupigisha chapa maelezo yangu. Yalitoka kurasa mbili. Nilikuwa nimeondoa lori, vibarua, ndoto na mbuzi. Kilichobaki ni kwamba kwa tarehe ya kuandikwa kulikuwa na maboma mahali fulani, kwamba wakazi wake walikuwa wafugaji, wengi wao Wakristo na baadhi Waislamu, na kwamba maji waliyateka Gotu. Historia niliyowaandikia haikuwa na mwanzo. Niliisoma mara tatu nikaona hakuna hakimu ambaye angeweza kukata mstari hata mmoja. Niliipeleka kwa kamati mimi mwenyewe, nikapewa siku ambayo maafisa wangefika, na nikaagizwa niwakute dukani kwa Guyo nikiwa shahidi wa kijiji.

Siku tatu kabla ya siku hiyo, Guyo alinipigia simu. Nayakumbuka maneno yake kwa sababu tangu hapo nimeyarudia mara nyingi kuliko sala yoyote. Baada ya salamu alisema: “Karani, Ata ametuacha. Juzi. Wamemzika ndani ya boma lake, na wote wamehama. Wako ng’ambo ya laga. Selina anasema wageni uwalete huko, si kule kwa zamani.” Niliuliza kama alikuwa amewaona huko ng’ambo. Akasema hapana, yeye alikuwa anafunga duka kwenda Merti kuleta bidhaa. Neno alilipata kwa Selina. Nilimpa pole. Nilijua, kama mtu yeyote aliyeishi nao anavyojua, kwamba boma alimozikwa mzee mkubwa huachwa, nyumba zikabomolewa na watu wakasogea. Hiyo ni heshima kwa aliyelala na kinga kwa waliobaki. Nilijua pia kwamba hakuna aliyesema nami uso kwa uso kuhusu ile jioni ya kuhesabu. Kama walisema wao kwa wao, sikuwepo.

Siku ilipofika niliteremka kwenye pikipiki mbele ya duka lililofungwa, na baada ya saa moja gari la kamati likaja, pikapu nyeupe yenye dereva na afisa mmoja, mwanamke kijana mwenye miwani, aliyenipa mkono huku akiinama kidogo kama inavyompasa binti mwenye adabu. Nilipanda naye mpaka mwinuko. Nilimwambia njiani kwamba kumetokea msiba na kwamba nimearifiwa watu wamehama. Alisikitika. Tulipofika juu dereva alizima gari, na kimya kilichofuata sijapata kukisikia tena mahali pengine. Maboma yalikuwa yamefunguliwa kila mahali, miiba imevutwa kando. Nyumba zilikuwa zimeondolewa; palipokuwa na nyumba ya Ata, ambamo nilikuwa nimeinama kuingia mara nyingi kiasi hicho, palikuwa na duara la udongo uliopauka, mafiga matatu na majivu. Ndani ya boma la mbuzi palikuwa na rundo refu la mawe mapya. Upepo uliingia kwenye mwanya mmoja ukatokea mwingine. Nilivua kofia. Dereva alikataa kushuka.

Afisa alizunguka kidogo, akapiga picha moja, akarudi na fomu yake juu ya ubao. Aliniuliza watu wako wapi hasa. Nikasema nimeambiwa wako ng’ambo ya laga. Akaangalia upande huo. Tuliona ukingo wa mchanga na vichaka vya mswaki, hakuna kingine. Akamuuliza dereva kama gari litavuka. Dereva alisema mchanga ule utatumeza mpaka kesho, na bado wana vijiji viwili vya kufika kabla ya jioni. Akaniuliza kwa miguu ni umbali gani. Nikasema sijui, sijafika. Ndipo alipofunga kalamu yake, akasema nami polepole, kama mtu anayemfungulia mzee mlango.

“Mzee, mimi naona watu waliishi hapa. Jivu si la zamani. Wewe ndiye shahidi wao. Ukiniambia wako ng’ambo, naandika makazi yapo, yamesogea kwa sababu ya msiba. Neno lako linanitosha.”

Nikamwambia: “Sijawaona ng’ambo. Nimeambiwa na mtu ambaye naye aliambiwa.”

“Na huyo mtu, unamwamini?”

“Namwamini. Lakini kuamini si kuona.”

Alifungua tena kalamu yake, si kwa hasira. Akauliza basi aandike nini. Nikamwambia aandike tulichokiona sote wawili. Aliandika kwamba mahali palipotajwa palitembelewa na kwamba makazi ya watu hayakuonekana. Alinisomea. Kila neno lilikuwa kweli. Nikatia saini kwa mwandiko ule ule niliotumia kuthibitisha viapo vya watu. Kwa dakika ile nilijiona mtu mwaminifu kuliko wote niliowahi kuwatafsiria. Dereva alipowasha gari alisema, akimwambia afisa lakini kwa sauti ya kunifikia, kwamba mashahidi wa upande wa mashtaka amewaona wengi, ila hajapata kuona aliyeletwa na mshtakiwa mwenyewe. Afisa alimwambia anyamaze. Alinitaka nirudi nao mpaka barabarani. Nilikataa. Gari likashuka, na vumbi lake likakaa hewani muda mrefu.

Nimejiuliza tangu hapo ni kwa nini nilikataa. Ninachoweza kukithibitisha ni kwamba miguu yangu ilielekea kwenye laga. Mchanga ulikuwa moto mpaka juu ya soli. Nilivuka, nikapita kwenye vichaka vya mswaki, nikapanda ukingo wa pili, na nikaona moshi. Hata sasa, nikiona moshi mwembamba nje ya mji, husimama nikautazama mpaka nihakikishe kuna mtu chini yake. Sikuwa nimetembea hata nusu saa. Walikuwepo wote. Fito za nyumba mpya zilikuwa zimepindwa, nyingine tayari zimefunikwa. Mbuzi walikuwa ndani ya boma la miiba mibichi. Wanaume walikuwa wameketi kwa mpangilio wa umri chini ya kivuli cha turubai, na wanawake walikuwa wamevaa shanga zao zote. Kiti kimoja cha plastiki, cha dukani kwa Guyo, kilikuwa kimewekwa mbele ya watu, kimefutwa vumbi. Kando yake palikuwa na beseni, sabuni mpya katika karatasi yake, na mtungi wa maji uliojaa mpaka mdomoni. Mbuzi alikuwa amechinjwa. Nyama ilikuwa juu ya makaa.

Selina alinijia akiwa na kikombe cha chai. Macho yake yalikuwa mekundu kwa siku za kilio, lakini alikuwa amejikaza kwa ajili ya wageni. Alitazama nyuma yangu, kwenye vichaka, akangoja kidogo.

“Tumeona vumbi ya gari,” akasema. “Wanakuja kwa mguu?”

Nikasema wameondoka.

“Kule kwa zamani hatukuacha mtu. Hatuwezi rudi huko mpaka tunyolewe nywele za msiba. Ndiyo maana nilituma neno kwa Guyo.” Alisema hivyo kwa upole, kama anayeomba radhi kwa usumbufu. Kisha akaniuliza, wanaume chini ya turubai wakisikia: “Karani, Guyo hakukufikishia?”

Kwa miaka thelathini nilikuwa nimewatazama watu wakiulizwa swali kama hilo, na nilizijua njia zote ambazo hupitia kulikwepa. Guyo alikuwa Merti. Simu yake siku hizo ilikuwa ikikatika. Hakuna aliyesikia tulichozungumza. Kuna watu wanaosema kwamba baadaye Selina alinisamehe, na wapo wanaosema kwamba hakunitaja tena mpaka alipofariki. Kwamba mgongo wake ulianza kumuuma mwaka uliofuata kwa mitungi ya Gotu. Kwamba kisima kilichimbwa katika kimojawapo cha vile vijiji viwili. Kwamba familia moja moja zilihamia kwenye maji mpaka Namoru ikaisha. Sikurudi tena, kwa hiyo hayo yote yako katika fungu la pili.

Nilimjibu: “Alinifikishia.”

Selina alibaki amenyoosha kikombe mpaka nikakipokea. Aliwageukia watu akawaambia kwa Kiturkana kwamba wageni wamepita, na kwamba nyama isiachwe iungue. Mzee aliyekuwa na kisu alikata kipande cha kwanza, kile cha mgeni, akakitazama, akatazama kiti, kisha akanielekeza nikae. Nilinawishwa mikono kwa maji ya mtungi ule. Nikaketi mbele yao wote. Kipande kilikuwa kimeiva vizuri, chenye mafuta, na nilikila chote.